Jinsi ya Kusoma Aloalo, Nguzo za Makaburi ya Wamahafaly

Ukikutana na aloalo kitabuni, karibu kila mara utaonyeshwa nguzo moja, imesimama peke yake mbele ya ukuta mweupe. Kwa hiyo watu wengi huitazama kama pambo, wakaisifia ufundi, wakaondoka. Mimi huandika kumbukumbu za sanamu za makaburi, na hivi ndivyo ninavyowafundisha wanaoanza kazi hii. Wamahafaly wanaishi kusini-magharibi mwa Madagaska, katika nchi kame yenye vichaka vya miiba, kusini ya mto Onilahy. Nguzo zao zinasomeka, ila zina utaratibu wake.

Hatua ya 1: Tafuta ruhusa kabla ya kutoa kamera

Kaburi ni la ukoo, na mwenye kauli ni mzee wa ukoo. Jitambulishe kwake, eleza unachotaka, kisha subiri jibu. Uliza pia miiko, ambayo huko huitwa fady, kwa kuwa hutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo. Mmoja unaoukuta sehemu nyingi za kisiwa ni huu: kaburi halinyooshewi kidole. Ukitaka kuonyesha kitu, kunja kidole.

Kijijini unaweza kuona nguzo nyingine, hazomanga. Hiyo ni ya ibada: hapo mzee huwaombea walio hai kwa mizimu na hapo huchinjwa ng'ombe. Usiichanganye na aloalo, ambayo makazi yake ni kaburini.

Hatua ya 2: Soma kaburi kwanza

Rudi nyuma uone lote. Ni boma la mawe la pembe nne lililojazwa mawe ndani, na makubwa hufika mita 10 au zaidi kila upande. Juu yake utaona mafuvu ya ng'ombe wa nundu, pembe zikiwa bado zimeshikamana nayo. Hao ndio waliochinjwa kwenye mazishi. Yahesabu. Idadi yao ndiyo habari ya kwanza unayopewa juu ya marehemu: mali aliyokuwa nayo, na jinsi watu wake walivyokubali kuitoa kwa ajili yake.

Kisha tazama kaburi limeelekea wapi. Kwa Wamalagasi mashariki ni upande wenye heshima, na kona ya kaskazini-mashariki ya nyumba ni ya mababu. Andika dira ya kila kitu unachokichora: nguzo isiyo na upande wake imeshapoteza sehemu ya maneno yake.

Hesabu na nguzo zenyewe. Zamani aloalo zilikuwa haki ya wafalme na watu wa nasaba kubwa. Baadaye wenye mifugo mingi nao wakaanza kusimamishiwa. Kwa hiyo wingi wa nguzo unakueleza cheo au utajiri, na kujua ni kipi kati ya hivyo viwili utamtegemea mwenyeji.

Hatua ya 3: Panda kutoka chini

Nguzo hupanda takriban mita 2 juu ya mawe. Kwenye nyingi za zamani, chini pana umbo la mtu mzima amesimama, mwanamume au mwanamke, mara nyingi bila nguo. Wageni hukimbilia kusema kwamba huyo ndiye marehemu. Usiandike hivyo kama hujaambiwa. Wachongaji hawakuwa wakitafuta sura ya mtu fulani.

Juu ya kichwa chake zinaanza duara na nusu duara, zimepangana moja juu ya nyingine, kati yake pametobolewa mbao mpaka upande wa pili unaonekana. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine. Duara husomwa kama mwezi mpevu, nusu duara kama mwezi mwandamo. Mwezi hufa ukarudi, na kuuweka kati ya mtu aliye chini na mwisho wa nguzo ulio juu ni kusema jambo zito kuhusu kifo bila kutumia sura ya mtu hata moja. Chora mpangilio wote kwa zamu yake, usiruke hata umbo moja. Nguzo mbili za kaburi moja zinaweza kutofautiana hapo tu.

Hatua ya 4: Soma kilele

Juu kabisa, katika nguzo za zamani, husimama ng'ombe wa nundu au ndege. Ng'ombe anarudia yale uliyoyasoma kwenye mafuvu.

Katika karne ya 20 vilele vilibadilika. Utakuta ndege ya abiria, basi, askari, mtu juu ya baiskeli, wakati mwingine kwa rangi kali. Wapo wanaosema huo ni upotofu wa mila. Sikubaliani nao. Kilele kinasimulia maisha ya marehemu au kile alichokitamani, na aliyesafiri kwa basi ana haki ya basi lake. Mchongaji Efiaimbelo alifuata njia hiyo, na mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa za dunia nzima.

Hatua ya 5: Usihamishe maana

Usomaji huu ni wa Wamahafaly. Ukipanda kaskazini kwa Wasakalava wa Menabe, karibu na Morondava, utakuta makaburini sanamu za ndege na za miili ya mwanamume na mwanamke zinazozungumzia uzazi, nazo huachwa zioze. Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya navyo ni nguzo za wafu, lakini vina kanuni zao.

Hatua ya 6: Andika, na ufiche

Andika jina la ukoo likiruhusiwa, mpangilio wa maumbo, dira, idadi ya mafuvu, na maneno ya mwenyeji kama alivyoyasema. Mahali kamili pa kaburi usipaweke mtandaoni kamwe, wala usiache picha ikiwa na alama za ramani ndani yake. Makaburi ya Wasakalava yaliporwa sana, na vigango viliibwa vikauzwa ng'ambo. Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver, Marekani, ilitangaza kurudisha 30. Taarifa ya mahali mpe mzee wa ukoo kwenye karatasi, aihifadhi mwenyewe.