Maji mawili kwa siku moja: jinsi ya kuwapeleka watoto Mida na Sabaki

Nafundisha gredi ya 5 hapa pwani ya Kenya, na kila mwaka nawapeleka watoto kwenye hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Watamu, kisha kwenye mdomo wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Nimechagua sehemu hizi kwa sababu ni jirani na hazifanani hata kidogo. Hakuna mto unaoingia Mida. Maji yake ni ya bahari, yakichanganyika na maji matamu yanayopenya kutoka ardhini. Sabaki nao unashuka na udongo kutoka bara. Mtoto akiyaona yote mawili kwa siku moja, huuliza mwenyewe: mbona kule maji yako wazi na huku ni kama chai ya maziwa? Swali hilo likitoka kwa mtoto, kazi yako imekuwa nyepesi.

Hatua ya 1: Tafuta siku kwa kufuata mwezi

Hapa ndipo ziara nyingi huharibika. Shule huchagua Ijumaa ya mwisho wa muhula, basi linafika Mida saa tano, na bahari imejaa hadi kwenye majani ya mikoko. Yalinipata mwaka wangu wa kwanza. Watoto arobaini walitazama maji matupu kwa saa mbili, na wengine walisinzia.

Unataka maji yamepwa asubuhi, na yamepwa sana. Katika pwani yetu hilo hutokea wakati wa bamvua, yaani siku moja hadi tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo maji hufika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, saa zinazoifaa shule. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji yanapwa alfajiri na tena jioni, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kila siku inayopita, saa ya kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo basi likiharibika ukaahirisha kwa siku nne, si ziara ileile tena.

Tazama jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kisha muulize mvuvi wa Mida. Yeye huhesabu siku za mwezi kichwani na anajua pia jinsi maji yanavyochelewa kutoka ndani ya hori, kwa kuwa mlango wake wa baharini ni mwembamba.

Hatua ya 2: Nenda mwenyewe wiki mbili kabla

Bamvua hurudi kila baada ya siku 14 au 15. Ukienda kukagua wiki mbili kabla, utakuta maji karibu yaleyale, saa karibu ileile. Tembea njia watakayopita watoto. Angalia matope yanafika wapi mguuni, kivuli kiko wapi, choo kiko wapi. Ongea na wenyeji wanaotunza daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, mkubaliane juu ya kiongozi na malipo. Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968, kwa hiyo uliza ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mapema kuhusu ada ya wanafunzi na barua inayotakiwa.

Barua ya wazazi iende nyumbani siku hizohizo. Acha nafasi ya mzazi kuandika kama mtoto ana pumu, kifafa au mzio.

Hatua ya 3: Vifaa

Havina gharama kubwa. Kila kundi la watoto wanane na mtu mzima mmoja libebe kamba ya mita 4 iliyofungwa ncha, vijiti vinne vya kuivuta iwe mraba, beseni jeupe, chujio la chai, rula, na daftari lenye penseli. Kalamu ya wino isije, maji ya chumvi yatafuta kila kitu. Mwalimu abebe filimbi, sanduku la huduma ya kwanza, na chupa mbili za plastiki zisizo na rangi, zinazolingana.

Viatu ndivyo nitakavyokazania. Raba kuukuu zenye kamba, basi. Ndala hubaki kwenye matope, na mguu mtupu hukatwa na chaza walioganda kwenye mizizi. Kidonda cha chaza ni kibaya, huchelewa kupona. Mtoto asiye na raba aazimiwe shuleni siku moja kabla, kimyakimya, asiaibike mbele ya wenzake.

Hatua ya 4: Mida, saa mbili na nusu hadi saa tano

Fikeni maji yakiwa bado yanatoka. Kitu cha kwanza, kabla ya maelezo yoyote, kila kundi lichomeke kijiti pale maji yanapoishia. Baada ya dakika kumi, kijiti kingine. Kisha kingine. Wakipima kwa hatua kati ya kijiti na kijiti, wataona bahari inavyoondoka. Nimeona watoto waliozaliwa mita mia tatu kutoka ufukweni wakishangaa kwa hilo, kwa kuwa hawakuwahi kusimama wakalitazama.

Sasa mraba. Kila kundi liweke kamba yake juu ya matope penye vishimo, lirudi nyuma hatua tatu, likae chini, linyamaze dakika tano. Mwanzoni hakuna kitu. Dakika ya pili jicho linachungulia shimoni. Halafu kaa wadogo wanatoka mmoja mmoja, na madume wanaanza kupunga gando lao moja kubwa, juu, chini, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Wanawaita majike na kuwaonya madume wengine. Wape watoto kazi: wangapi wana gando kubwa upande wa kulia, wangapi kushoto? Mtoto mmoja akiinua mkono kupiga kelele, wote wanazama shimoni na dakika tano zinaanza upya. Hujifunza utulivu kwa kaa kuliko kwangu.

Kisha mikoko. Usianze na majina. Waambie wachague jani la mchu, aina moja ya miti hii, lile lenye kijivu upande wa chini, walilambe. "Mwalimu, ni chumvi!" Mchu hutoa chumvi kupitia majani. Walambe na jani la mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda: karibu hakuna kitu, kwa kuwa mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi. Miti miwili, shida moja, njia mbili. Baada ya hapo waonyeshe mizizi: ya mkoko imepinda kama miguu ya kaa, ya mchu imechomoza kama penseli zilizopandwa matopeni, ikivuta hewa. Mlilana, aina ya tatu, utauona upande wa baharini zaidi. Tafuteni pia tunda refu la mkoko, lililokwisha kuchipua likiwa bado linaning'inia juu ya mti.

Mkienda kati ya Septemba na Machi, tazameni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mweusi mnene, akitembea juu ya matope akikamata kaa. Hatagi hapa kwetu. Huzaliana kwenye fukwe za kaskazini, Oman ikiwemo, na hutaga yai lake ndani ya shimo analochimba mchangani.

Maji yakigeuka, filimbi ilie na wote watoke. Msingoje kuyaona mbele yenu. Mwaka mmoja niliyangoja, nikitazama upande wa bahari, na yakaja kwanza kupitia vijito vilivyokuwa nyuma yetu. Tulivuka maji yakiwa magotini, watoto wameshikana mikono, na sijasahau. Kabla ya kuondoka, jaza chupa ya kwanza.

Hatua ya 5: Sabaki, kuanzia saa nane

Kuleni kwanza, mnywe maji. Sabaki ni wa kutazama tu. Una viboko na mamba, kwa hiyo hakuna mtoto anayegusa ukingo. Mkae juu ya vilima vya mchanga pamoja na kiongozi mwenyeji, mbali na maji, na yeye ndiye atakayejaza chupa ya pili mahali anapopajua.

Kutoka juu, waonyeshe mstari ambapo maji ya kahawia yanakutana na bahari. Wachore mstari huo. Wahesabu ndege, siku nyingine kuna korongo na heroe. Nusu saa hadi dakika arobaini inatosha, jua ni kali na wamechoka. Nawarudisha shuleni kabla ya magharibi bila ubishi.

Hatua ya 6: Chupa mbili dirishani

Ziandike majina, ziweke dirishani zisiguswe hadi kesho. Asubuhi, ya Mida itakuwa karibu vilevile. Ya Sabaki imejitenga: maji juu, udongo chini. Wapime kimo cha udongo kwa rula na waandike. Ukienda baada ya mvua za masika, linganisha na kipimo cha kiangazi.

Kisha tundika ramani ya Kenya kando ya dirisha. Mtoto aweke kidole Malindi na kuufuata mto kurudi nyuma: Sabaki, halafu unaitwa Galana, unapita Tsavo, unakuwa Athi, mpaka kwenye milima iliyo karibu na Nairobi. Kila anapopita kidole, darasa litaje kinachofanyika hapo: shamba, mifugo, mji, machimbo ya mchanga. Andika yote ubaoni, na chupa ibaki pale pale dirishani hadi orodha iishe.