Kabla ya Kusukuma Rokuroniamu: Mambo ya Kuzingatia

Hakiki uzito wa mgonjwa na dawa zinazomdhuru, bandika lebo kwenye kila bomba la sindano, na uiwashe mashine ya kunyonya makohozi uone kwamba inavuta. Hayo unayajua.

Linalosahauliwa ni maumivu, kwa kuwa wengi hudhani aliyelala haumwi. Rokuroniamu, dawa tunayoitumia kulegeza misuli, ina asidi, pH yake ikiwa karibu na 4, nayo huchoma mshipa kiasi kwamba hata mgonjwa aliyekwisha kupoteza fahamu huukunja mkono na kuuvuta kwa nguvu, watoto hasa.

Kwa hiyo tafuta mshipa mnene wa kigasha au wa kiwikoni, wala usiridhike na ule mwembamba wa nyuma ya kiganja. Mimi niliridhika. Mtoto alikuwa wa kukatwa tonsili, kanula, yaani kijibomba cha plastiki kinachokaa ndani ya mshipa, ilikuwa ndogo na imeshikwa na plasta moja, na nilipofika nusu ya dozi akauvuta mkono na kanula ikachomoka. Nikabaki na mtoto aliyelegea nusunusu, asiyepumua vya kutosha, nisijue ni kiasi gani cha dawa kimeingia na kiasi gani kimemwagika kwenye shuka. Nilimshikia barakoa na kumpulizia oksijeni pamoja na gesi ya usingizi ili asizinduke, huku muuguzi akihangaika kutafuta mshipa kwenye miguu ya mtoto, hadi mshipa ukapatikana kwenye jaribio la tatu.

Tangu siku hiyo, kwa mtu mzima huufunga mkono kwa mpira juu ya kanula, huingiza lignokeini, dawa ya ganzi, miligramu 20 hadi 40, husubiri kama nusu dakika, ndipo huufungua na kuendelea. Kiasi hicho kihesabiwe pamoja na lignokeini atakayoitumia daktari wa upasuaji kutia ganzi. Fentanili, dawa kali ya maumivu, iliyotangulia kwa dakika chache husaidia pia.

Ukilaza mgonjwa kwa thiopentoni, safisha mpira wa dripu kwa maji ya chumvi kabla ya rokuroniamu, kwani zikikutana huganda na kuziba njia. Usiisukume kabla hujahakikisha kwamba mgonjwa amelala, maana aliye macho atalegea akisikia kila kitu asiweze kusema. Usisukume kwa pupa. Na kanula ibandikwe plasta mbili, hata kama daktari wa upasuaji amekwisha kunawa na amesimama anakutazama.