Kabla ya kulipa kodi ya fleti mjini Unguja

Dalali akikwambia fleti ya vyumba viwili na ukumbi inakwenda laki tatu kwa mwezi, hiyo laki tatu siyo pesa utakayotoa. Wenye nyumba wengi mjini hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine hutaka ya mwaka mzima. Tuchukue miezi sita: 1,800,000. Dalali naye ana mwezi wake, 300,000. Mwenye nyumba akitaka na dhamana ya mwezi mmoja, ni 300,000 nyengine. Umeshafika 2,400,000 na godoro bado halijapakiwa garini. Kwa hiyo kabla hujaanza kuzunguka, gawa akiba yako kwa nane. Jibu ndiyo kodi ya mwezi unayoimudu kweli. Mwenye 1,600,000 mkononi atafute nyumba ya laki mbili, asimalize nauli kwenda kuangalia za laki tatu.

Kodi zinapanda kwa sababu watu wameongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya 2022 ikakuta 893,169. Lakini mitaa haipandi kwa mwendo mmoja. Mji Mkongwe na ukanda wa pwani, mpangaji wa mwezi anashindana na mgeni wa usiku mmoja. Mwenye fleti akiona watalii wa Julai na Agosti wanamlipa vizuri zaidi, mwalimu au muuguzi hana nafasi hapo. Mpendae, Magomeni na Jang'ombe unalipia ukaribu: soko, skuli na daladala viko mlangoni. Fuoni, Tomondo na Kisauni utapata nafasi kubwa kwa pesa ile ile, ila uliza kuhusu njia ya ndani. Mtaa ukitiwa lami, kodi hupanda mara moja, kwa hiyo anayepanga kukaa miaka miwili au mitatu ni bora afunge bei kwa maandishi kabla kazi ya barabara haijaanza.

Wakati mzuri wa kutafuta ni masika, Aprili na Mei. Watalii ni wachache, wenye nyumba wanazungumzika, na mvua inakuonesha yale ambayo rangi mpya ingeyaficha. Nenda siku ya pili baada ya mvua kubwa. Angalia ukuta wa nje: maji yakishasimama huacha mstari wa matope, na mstari ukiwa juu ya kizingiti, hiyo nyumba huingiliwa na maji. Mitaa ya mabondeni ya Ng'ambo inahitaji uangalifu huu zaidi. Oktoba na Novemba usizitegemee sana kama unatafuta karibu na njia ya Tunguu, maana wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, nao wanatafuta vyumba.

Jambo linalowaumiza wapangaji kuliko yote ni maji, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Usikubali jibu la "maji yapo". Uliza maji ya ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, hutoka siku gani na saa ngapi, kisha muulize jirani wa chini swali lile lile bila ya dalali kuwepo. Tuseme nyumba yako ina watu wanne, na mnatumia madumu kumi ya lita 20 kwa siku, yaani lita 200. Tangi la lita 1,000 litakuchukua siku tano. Mfereji ukikauka wiki nzima, siku mbili ni za kununua. Kama dumu linakufikia kwa shilingi 300, kila siku kavu ni 3,000. Nyumba isiyo na tangi, ambayo maji hukatika nusu ya mwezi, inakula 45,000 kila mwezi juu ya kodi. Basi fleti ya 330,000 yenye tangi lako mwenyewe ni rahisi kuliko ya 300,000 isiyo nalo, ingawa tangazo linasema kinyume.

Panda juu ya paa uone tangi ni la nani. Likiwa moja kwa fleti sita, lita 1,000 ni lita 166 na kidogo kwa kila fleti, haitoshi hata siku moja. Angalia na kimo chake. Nguvu ya maji inatokana na urefu kutoka tangini hadi kwenye mfereji wako, kwa hiyo ghorofa ya juu kabisa, iliyo mita mbili tu chini ya tangi, hupata maji ya kuchuruzika wakati wa chini wanaoga vizuri. Fungua mfereji wa bafuni na wa jikoni pamoja. Mmoja ukikata, ndivyo itakavyokuwa kila asubuhi. Palipo na kisima karibu na pwani, onja maji, maana chumvi huingia, na maji ya chumvi huua pampu na hita.

Umeme ukikatika, na pampu inasimama. Kwa hiyo uliza pampu inakula tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, ya nani. Kuna jaribio la dakika tatu linalofaa kufanywa kabla hujatoa shilingi moja: zima swichi kuu ya fleti, kisha isogelee mita uitazame ile taa nyekundu ndogo inayopepesa. Swichi ikiwa imezimwa na taa bado inapepesa, kuna kitu kimeunganishwa kabla ya swichi yako: pampu ya jengo zima, taa za ngazi, au friji ya jirani. Utakuwa unawalipia. Nunua pia umeme wa shilingi elfu chache kwa nambari ya mita ile na uuingize mwenyewe. Ukikataa kuingia, au uniti zikipungua bila sababu, jambo hilo limalizwe na mwenye nyumba kwanza. Bora zaidi ni fleti yenye mita yake peke yake. Kugawana mita moja kwa kukisia huharibu ujirani kabla mwezi haujaisha.

Katika nyumba za Mji Mkongwe, kuta ni za mawe na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti haiozi katikati. Huozea pale inapoingia ukutani, kwa unyevu au mchwa. Chukua ufunguo uibonyeze ncha hiyo. Ukizama kama kwenye mkate, hama chumba hicho katika mawazo yako. Ukuta wa chokaa uliopigwa saruji juu yake hufungia maji ndani, na rangi huvimba malengelenge karibu na sakafu. Fleti mpya za zege nazo zina ugonjwa wao: ukingo wa roshani unaotoa michirizi ya kahawia ni nondo zinazopata kutu kwa hewa ya bahari, na kipande cha saruji kitakuja kuanguka.

Halafu ujue unayempa pesa ni nani. Nyumba nyingi ni za mirathi, na mrithi mmoja hupangisha huku ndugu zake hawana habari. Miezi miwili baadaye anatokea mwengine anadai kodi ile ile. Omba kuona hati, au barua ya warithi wote wanaompa mmoja wao mamlaka. Nyumba ya wakfu iko chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na fleti za serikali kama za Michenzani zina masharti yake, kwa hiyo anayekupangisha aoneshe ana haki gani. Nenda kwa sheha wa shehia ukiwa na kitambulisho. Anawajua wenye nyumba, na kuandikishana mbele yake kunasaidia mzozo ukizuka.

Bei ikitajwa kwa dola, omba itajwe kwa shilingi. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na kodi iliyofungwa kwa dola humwongezea mpangaji mzigo kila shilingi inaposhuka.

Katika mkataba, yaandikwe haya waziwazi: kodi haitapandishwa mpaka muda uishe, mpangaji hatatolewa kwa ajili ya wageni wa msimu, notisi ni ya miezi mingapi kwa kila upande, nani anatengeneza pampu, paa na karo la maji machafu likijaa, na dhamana irudi ndani ya siku ngapi. Lipa kwa benki au kwa simu, na ukilazimika kutoa taslimu, chukua stakabadhi hapo hapo. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila chumba, kila ufa na nambari zilizobaki kwenye tukuza, umtumie mwenye nyumba kwa simu kabla ya kuingiza kiti cha kwanza.