Kufuli linagoma? Acha mafuta, chukua penseli

Wote mnaofungua maduka na vibanda huku Mwaloni saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa ziwa unawapulizia mchanga machoni, hii inawahusu. Kufuli likianza kugoma tunakimbilia mafuta, mi mwenyewe nilishamiminia ya kupikia, siku mbili tatu raha tupu, wiki ya tatu nikamuita fundi aje na grenda akate. Manake mafuta yanakamata vumbi, na vumbi la huku lina magamba ya dagaa humohumo, vikikutana ndani vinakuwa uji mzito na zile pini ndogo zinazosukumwa na meno ya ufunguo zinanasa.

Kinachofaa ni grafaiti, yani ule weusi wa ndani ya penseli, unateleza ukiwa mkavu na vumbi haligandi. Nenda stationeri chukua penseli iliyoandikwa 2B au 4B, ile HB ya watoto ina udongo mwingi zaidi.

Ila kwanza toa mafuta ya zamani, hapa ndo wengi wanaharibu, ukiweka unga wa penseli juu ya mafuta umetengeneza lami. Lichovye kufuli kwenye petroli kidogo, uwe nje na mbali na jiko na sigara, ingiza ufunguo utoe, chovya tena, utaona inatoka rangi ya chai ya rangi. Rudia mpaka itoke safi, afu ning'iniza tundu likiangalia chini, lianikwe siku nzima. Hata wale wa Ulaya na Marekani wanaolenga shabaha, wakitaka kupaka risasi unga wa molibdenamu disulfidi, nao ni unga mkavu unaoteleza kama grafaiti, ili zipite kwenye mtutu kwa msuguano mdogo, wanaziosha kwanza mafuta yaishe.

Likikauka, kwangua penseli kwa wembe juu ya karatasi, kunja karatasi kama mfereji, gonga kidogokidogo unga uingie. Kiasi cha ncha ya kijiko cha chai kinatosha, ukijaza linaziba. Sugua na meno ya ufunguo kwa penseli, ingiza na zungusha kama mara 20, futa ule weusi kwa kitambaa la sivyo mfuko wa suruali utakulaumu.

Juu ya tundu funga kipande cha tyubu ya baiskeli kuzuia mvua. Na we wa bodaboda usijaribu hii kwenye swichi ya pikipiki, grafaiti inapitisha umeme.