Jinsi ya kusoma ugomvi wa Marekani, 1776 mpaka 1877, bila kupotea

Wengi wakitaka kuelewa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani wanarukia 1861, mizinga ya Fort Sumter, ngome ya South Carolina ambako vita ilianzia, alafu wanabaki kujiuliza hawa jamaa walikuwa wanagombea nini hasa. Anza nyuma, na anza na nyaraka zenyewe, nyingi ni fupi na ziko bure mtandaoni.

Fungua Tangazo la Uhuru la 1776 na rasimu yake iliyoandikwa na Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais, zisome kwa pamoja. Kwenye rasimu kuna kipande kinamshambulia mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa, kwenye tangazo lenyewe hukioni, wajumbe walikifyeka, na Jefferson aliandika baadaye kwamba ilikuwa kuwaridhisha South Carolina na Georgia. (Yeye mwenyewe katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600, sijui alikuwa anamshtaki nani.)

Ukifika kwenye Katiba ya 1787 usihangaike kusearch neno mtumwa, hutalipata. Nenda kifungu cha 1 sehemu ya 2, pale wanaposema "watu wengine wote", yaani watumwa, wahesabiwe tatu ya tano. Chukua kalamu upige hesabu: jimbo lenye watumwa 50,000 linaongezewa watu 30,000 wakati wa kugawa viti vya bunge, na kura za kumchagua rais zinafuata viti hivyohivyo, wakati hao 50,000 wenyewe hawapigi kura hata moja. Ukishaliona hilo utaelewa kwa nini majimbo ya Kusini, yaliyokuwa na watumwa wengi, yalikuwa na sauti kubwa hivyo kwa miaka mingi.

Kwa 1820 mpaka 1860 tumia ramani tu. Missouri inaingia na utumwa, Maine inaingia bila utumwa ili Seneti ibaki nusu kwa nusu, unachorwa mstari wa latitudo nyuzi 36 na dakika 30, kwamba kwenye ardhi mpya za magharibi kaskazini yake utumwa ni marufuku isipokuwa Missouri, alafu 1854 sheria ya Kansas na Nebraska inaufuta, wakazi waamue wenyewe kuhusu utumwa, na watu wanaanza kuuana Kansas.

Sasa kuna wale watakaokwambia vita ilikuwa ni haki za majimbo, utumwa ulisingiziwa tu. Usibishane nao, wafungulie tamko la South Carolina la Desemba 1860 la kueleza kwa nini wanajitoa kwenye muungano wa Marekani. Lalamiko kubwa mle ni kwamba majimbo ya Kaskazini yamegoma kurudisha watumwa waliotoroka, yaani wanalalamika kuwa majimbo mengine yanajiamulia mambo yake! Mississippi wao hawakuzunguka kabisa, walisema msimamo wao umefungamana na utumwa.

Tangazo la Rais Lincoln la Januari 1, 1863 la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lisome mpaka kwenye orodha ya maeneo, maana halikugusa Kentucky, Missouri, Maryland wala Delaware, majimbo ya watumwa yaliyobaki upande wake.

Na usifunge kitabu Lee, jenerali wa Kusini, aliposalimu amri 1865, kurudiana ndo kulikuwa kugumu zaidi. Soma marekebisho ya Katiba, la 13 (kufuta utumwa), la 14 (uraia na usawa mbele ya sheria) na la 15 (kura bila kujali rangi), kisha sheria ya 1867 iliyoyalazimisha majimbo 10 ya Kusini kupitisha lile la 14 kabla ya kurudishiwa viti bungeni. Malizia na uchaguzi wa 1876: Hayes wa Republican, chama cha Lincoln, alipewa kura 185 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais, Tilden wa Democratic 184, na Aprili 1877 askari wa serikali kuu waliokuwa wanazilinda serikali za Republican huko South Carolina na Louisiana wakarudishwa kambini.