Kuunganisha matawi baada ya kuhama Subversion kwenda Git

Juzi nilikaa na mwenzangu aliyehamisha mradi wake wa stoo kutoka Subversion kwenda Git (zote mbili ni programu za kutunza historia ya msimbo). Mambo shwari, mpaka alipounganisha tawi la `malipo` (mkondo wa kazi uliotengwa na shina): migongano chungu nzima (mistari iliyobadilishwa tofauti pande zote mbili), mingi kwenye mafaili aliyokwisha kuyasuluhisha mwaka jana.

1. Hamisha

`git svn clone --stdlayout --authors-file=watu.txt ANWANI mradi`

`watu.txt` ni orodha ya majina ya watumiaji wa Subversion na majina na barua pepe zao za Git. Utaambiwa uongeze `--no-metadata`. Usithubutu. Inaondoa namba za Subversion kwenye ujumbe wa komiti (kila badiliko lililohifadhiwa), na hatua ya 3 haiendi bila hizo.

2. Tengeneza tawi la hapo kwako: `git branch malipo origin/malipo`

3. Iambie Git mlichokwisha kuunganisha

Hapa ndipo niliwahi kukesha. Tangu toleo la 1.5 la mwaka 2008, Subversion huweka kumbukumbu za kuunganisha kwenye `svn:mergeinfo`. Git yenyewe haisomi hiyo, inaangalia wazazi wa komiti basi. `git svn` hujaribu kutafsiri, ila tawi lililounganishwa nusunusu huliacha. Pima uone komiti ya mwisho ambayo Git inadhani matawi yanachangia (`master` ndilo shina kwa Git):

`git merge-base master malipo`

Ukipewa komiti ya siku tawi lilipochipuka, ndilo tatizo lako. Rudi kwenye shina la Subversion:

`svn propget svn:mergeinfo .`

Tuseme inajibu `/branches/malipo:1302-1480`. Kwenye `git log malipo` tafuta `git-svn-id` yenye `@1480`, au namba kubwa kuliko zote isiyozidi hapo, maana namba hizo ni za hazina (repository) nzima, si za tawi. Kisha, ukiwa `master`:

`git merge -s ours KOMITI`

Hiyo huandika kwamba mmeshaunganisha, bila kugusa mafaili ya `master`. Weka komiti ile, siyo jina la tawi! Mimi niliandika `malipo`. Hakuna mgongano hata mmoja, nikaenda kunywa chai. Kumbe kazi yote ya baada ya 1480 imehesabiwa kuwa imeunganishwa, na haimo. Ukishtuka papo hapo, kabla ya kusukuma (push): `git reset --hard ORIG_HEAD`.

Masafa yakiwa na mapengo (`1302-1350,1377`), kagua kwanza yaliyorukwa, la sivyo `ours` itayazika. Na `-X ours` ni kitu kingine kabisa: hiyo huamua penye mgongano tu.

4. `git merge malipo`

Faili zima likigongana na maneno ni yaleyale, hiyo ni miisho ya mistari ya Windows. Weka `* text=auto` kwenye `.gitattributes`, ukomiti, urudie na `-X renormalize`. Migongano iliyobaki mimi huimaliza kwa Meld, programu ya kulinganisha mafaili.

5. Jenga, endesha majaribio, sukuma.