Kupunguza Mizigo ya Maisha na Fedha Unapowatunza Wazazi Wazee

Anayemtunza mzazi mzee huchoshwa zaidi na utitiri wa mambo madogo: ankara zinazodaiwa kwa tarehe tofauti, akaunti ya pili ya benki ambayo hakuna anayekumbuka ilifunguliwa kwa nini, miadi ya kliniki, vidonge vya asubuhi na vya jioni, na simu za ndugu wanaoulizia hali. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta fedha zaidi au msaidizi mwingine, punguza kwanza idadi ya mambo unayolazimika kuyakumbuka.

Anza na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijui mahali methali hii inapofaa zaidi ya nyumba yenye mzee. Kwa mwezi mmoja andika kila kinachoingia kwa mzazi, iwe pensheni, kodi ya pango au fedha zinazotumwa na watoto, na kila kinachotoka, hata kiwe kidogo namna gani. Andika pia mahali zilipo hati za nyumba na za kiwanja, bima, kitambulisho na wasia kama upo. Kazi hii ifanyike pamoja na mzazi mwenyewe, naye aulizwe kwa adabu. Ukianza kwa kumwuliza ana kiasi gani benki, atahisi unamhesabia siku, lakini ukimwuliza angependa nani ashughulikie malipo yake siku akilazwa, mazungumzo hufunguka yenyewe. Ukigundua kwamba ankara moja imelipwa mara mbili na nyingine haijalipwa kabisa, usimkemee. Kushindwa kusimamia fedha alizokuwa akizimudu kunaweza kuwa dalili ya mapema ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na daktari anapaswa kuelezwa.

Daftari likishakamilika, punguza. Akaunti moja ya kupokea na kulipia inatosha, na nyingine ya akiba. Omba malipo ya kila mwezi yasogezwe hadi siku chache baada ya pensheni kuingia, kisha yale yasiyobadilika yakatwe na benki moja kwa moja. Usifunge akaunti ya zamani kabla ya kupitia taarifa zake za miezi 12, kwa sababu yapo malipo yanayokuja mara moja tu kwa mwaka, kama bima au kodi ya ardhi, nayo ndiyo humshtua mtu akiwa ameshaifunga.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote ni mamlaka ya kisheria. Hati ya uwakilishi humruhusu mtu aliyeteuliwa kutenda kwa niaba ya mzazi katika mambo ya benki, mali na malipo, lakini mzazi hana budi kuitia saini kwa hiari yake akiwa bado na akili timamu. Akishapoteza uwezo wa kuelewa anachokisaini, njia inayobaki kwa kawaida ni mahakama, yenye muda wake na gharama zake. Tena, katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria uliotoka Uingereza, hati ya kawaida hukoma pale pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, isipokuwa iwe imeandikwa kwa namna ambayo sheria inairuhusu kuendelea. Mwulize mwanasheria swali hili bila kuzunguka: je, hati itatumika mama asipoweza tena kuamua? Na ikumbukwe kwamba hati hiyo humalizika mzazi anapofariki. Kuanzia hapo ni wasia na msimamizi wa mirathi.

Wengi hukwepa usumbufu huo kwa kufungua akaunti ya pamoja na mzazi. Ni rahisi, nami sipendekezi. Mahali pengi fedha hizo zinaweza kuguswa na madeni ya mtoto, na mzazi akifariki ndugu hubaki wakibishana kama zilikuwa za mirathi au za aliyeandikwa jina. Vivyo hivyo, usitumie namba yake ya siri kana kwamba ni yako. Fedha za mzazi zibaki kando na zako, risiti zitunzwe, na ndugu wote wapate hesabu fupi kila mwezi, hata kama hakuna aliyeiomba.

Kuhusu michango, kiasi kidogo kinachotolewa tarehe ileile kila mwezi ni bora kuliko harambee ya ghafla kila mzazi anapougua. Dada anayeamka usiku kumgeuza baba kitandani ameshachangia. Muda wake uhesabiwe, na asitozwe sawa na kaka aliye mbali.

Usiache kazi kwa haraka. Omba kwanza kupunguziwa saa au kubadilishiwa zamu, kisha piga hesabu ya mshahara utakaokosa pamoja na michango ya pensheni yako itakayokatika, maana wewe pia utazeeka. Mara nyingi kumlipa msaidizi wa saa chache hugharimu kidogo kuliko kuacha ajira.

Urahisi uingie hata kwenye dawa. Weka orodha moja yenye jina la kila dawa, kipimo na saa yake, uende nayo kila kliniki. Mzee anayetumia dawa 5 au zaidi yumo katika hatari kubwa zaidi ya dawa kugongana, kwa hiyo mwulize daktari ipi inaweza kuondolewa, wala usiiondoe mwenyewe. Nyumbani, ondoa mazulia yanayoteleza na uweke taa njia ya chooni: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na wenye umri zaidi ya miaka 60 ndio wengi wao.

Mwisho, wekeni kanuni moja dhidi ya matapeli: hakuna malipo yanayoombwa kwa simu yatakayofanywa siku hiyohiyo. Kanuni hiyo iandikwe kwa herufi kubwa karibu na simu ya mzazi, na imhusu kila mtu wa nyumba hiyo, asije mzee akadhani anafanywa mtoto.